Maji ya Moto ya Bonde la Mbaka na Somo la Viumbe Hai

Katika maandalio ya masomo ambayo wanachuo huyapeleka shuleni wakati wa mazoezi ya kufundisha, imo sentensi moja ambayo imekaa kitako kwa miaka mingi. Sentensi hiyo husema kwamba kila kiumbe huhitaji joto la kadiri, na kwamba hapana kiumbe awezaye kuishi katika maji ya moto sana. Mwanachuo huiandika ubaoni, watoto huinakili madaftarini, na mazoezi yakija huulizwa tena kwa namna ya "kweli au si kweli". Makala haya yanakusudia kudai kwamba sentensi hiyo iondolewe, na kwamba mahali pake pasiwekwe sentensi nyingine ya kukaririwa bali liwekwe swali. Nadai pia kwamba ni wilaya chache katika nchi yetu ambako kuendelea kuifundisha ni aibu kama ilivyo Rungwe.

Mtoto wa wilaya hii amezaliwa juu ya jiko. Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, ni mlima wa volkano; ziwa Ngozi limo ndani ya shimo la volkano; Daraja la Mungu katika mto Kiwira ni mwamba uliotokana na ujiuji wa moto; na mlima Kyejo ulitapika mara ya mwisho yapata miaka 200 iliyopita, muda ambao kwa hesabu za miamba ni sawa na jana. Udongo uzaao migomba, chai na viazi vyetu umetokana na majivu ya milima hiyo. Moto wenyewe haujazimika. Huko Kilambo, katika bonde la mto Mbaka, maji hutoka ardhini yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 60 za Sentigredi. Ukienda upande wa Mbeya, chemchemi za Songwe hufikia karibu nyuzi 80, nazo zimejijengea miamba ya chokaa pande zote. Kampuni ya serikali ya kuendeleza jotoardhi, iliyoundwa mwaka 2013, imeyaweka maeneo ya Ngozi na ya Kyejo na Mbaka miongoni mwa maeneo yake ya mbele. Basi mwalimu asimamaye mbele ya watoto wa hapa na kuwaambia kwamba katika maji ya moto hapana uhai, anawafundisha wasiyatazame maji yao.

Ni nini kilichobadilisha fikra za wataalamu? Mwaka 1966 mtaalamu wa vijidudu wa Marekani, Thomas Brock, pamoja na mwanafunzi wake Hudson Freeze, alipata katika chemchemi za moto za Yellowstone bakteria ambaye hustawi kwenye joto la nyuzi 70 hivi. Mwaka 1969 walimtangaza kwa jina la Thermus aquaticus. Mwaka 1972 Brock na wenzake wakamtangaza kiumbe mwingine, Sulfolobus, ambaye hupenda joto na hupenda pia maji makali ya asidi yenye salfa. Wakati huo hapakuwa na mtu aliyejua kwamba viumbe hawa wawili, ingawa wanakaa kitongoji kimoja, si wa ukoo mmoja hata kidogo.

Jambo hilo lilifunuliwa kwa njia ambayo mwalimu yeyote anaweza kuieleza. Ndani ya kila seli mna viwanda vidogo vya kutengenezea protini, viitwavyo ribosomu, na ndani ya kila kiwanda mna uzi wa RNA ambao hubadilika polepole mno kutoka kizazi hata kizazi. Nyuzi mbili zikifanana sana, wenye nyuzi hizo ni ndugu wa karibu. Zikitofautiana sana, walitengana zamani. Carl Woese na George Fox wa Chuo Kikuu cha Illinois walizilinganisha nyuzi hizo kama wazee wanavyolinganisha majina ya mababu wakati wa kutafuta udugu kabla ya ndoa. Mwaka 1977 walitangaza kwamba vijidudu watengenezao gesi ya methani hawamo katika ukoo wa bakteria. Sulfolobus naye akaonekana kuwa wa ukoo huo mpya. Wengi hawakuamini, na baadhi waliamini baada ya miaka mingi. Mwaka 1990 Woese na wenzake waligawa viumbe wote katika makundi makuu matatu: bakteria, akea, na kundi la wenye kiini ndani ya seli, ambamo sisi wanadamu tumo pamoja na mgomba, uyoga na inzi.

Neno akea limetokana na Kiyunani, na maana yake ni cha kale. Wako wanaopenda kusema "bakteria wa kale". Nawasihi wanachuo wasilitumie jina hilo darasani. Akea si bakteria. Huo ndio ugunduzi wenyewe, na jina hilo linaufuta. Wala akea wa leo hana umri mkubwa kuliko bakteria wa leo, kama vile binamu yako hana ukale kukushinda kwa sababu tu anakaa kijiji cha mababu. Tena, tangu mwaka 2015, uchunguzi wa vijidudu waliopatikana katika matope ya kilindi cha bahari umeonyesha kwamba sisi wenye seli za kiini tuna udugu wa karibu na akea kuliko tulio nao na bakteria. Kiswahili kimelipokea neno bakteria bila shida. Kitalipokea na akea.

Wala mwanachuo asidhani kwamba akea wote ni wa motoni. Rungwe ni wilaya ya maziwa, na ng'ombe wengi wa wilaya hii hulishwa bandani. Tumboni mwa kila ng'ombe mmoja wao, katika joto la nyuzi 39 tu, mna akea watengenezao methani, na gesi hiyo humtoka ng'ombe kwa kucheua na kubeua. Akea wa aina hiyo ndio wafanyao kazi katika mtambo wa gesi ya samadi. Hii ni bahati kubwa kwa mwalimu, maana anaweza kuanzia zizini kabla hajafika kwenye chemchemi.

Walio wa motoni kweli kweli wanashangaza. Mwaka 1986 Gerhard Fiala na Karl Stetter wa Ujerumani walimtangaza Pyrococcus furiosus, aliyepatikana katika mchanga wa moto wa pwani ya kisiwa cha Vulcano huko Italia. Huyu hustawi vizuri zaidi kwenye nyuzi 100, na kwa joto hilo huongezeka maradufu kwa muda usiotimia dakika 40, yaani pungufu ya kipindi kimoja cha somo. Mwaka 2008 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba Methanopyrus kandleri, kutoka chemchemi iliyo chini ya Bahari ya Hindi katika kina cha zaidi ya mita 2,000, anaweza kukua kwenye nyuzi 122. Huko chini uzito wa bahari huyazuia maji yasichemke. Bahari hiyo ni hii hii inayopiga pwani ya Mtwara na Tanga.

Yapo mapingamizi mawili niliyoyasikia mara nyingi dhidi ya kulifundisha jambo hili katika shule ya msingi. La kwanza ni kwamba mambo haya ni makubwa kwa mtoto wa Darasa la Tano, na yangojee sekondari. Sioni uzito wake. Mtoto huyo anafundishwa sayari asizoweza kuzishika na bahari asiyoiona, na hakuna asemaye kwamba ni makubwa kwake. Zaidi ya hayo, akifika sekondari atayakuta kwa Kiingereza, na kama hakupata mizizi ya fikra hizi kwa Kiswahili atayakariri kama kasuku. Elimu ya Kujitegemea, tuliyotangaziwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka shule ya msingi imtosheleze mtoto kwa yenyewe, isiwe tu ngazi ya kupandia kwingine.

Pingamizi la pili ni zito, nalo ni la afya. Tangu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na hata kabla yake, mwalimu wa shule ya msingi amekuwa mstari wa mbele katika kuhimiza usafi wa maji ya kunywa. Mtoto akisikia leo kwamba wako viumbe wastawio kwenye nyuzi 100, kesho atamwambia mama yake kwamba kuni za kuchemshia maji zinateketea bure. Hofu hii ni ya haki, na mwalimu asiyeiwazia kabla ya kuingia darasani heri asilifundishe somo hili kabisa.

Lakini pingamizi hili halipingi somo. Kwa hakika linatuonyesha mahali somo linapotakiwa kukaa kwa muda mrefu. Pale panahitajika kutenganishwa maneno mawili ambayo sentensi ile ya zamani iliyachanganya: kuvumilia na kustawi. Vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara damu hustawi katika joto la mwili wetu, nyuzi 37 hivi. Hawalivumilii joto la maji yachemkayo, hufa. Hufa hata hapa Tukuyu, ambako kwa sababu ya kimo cha mita 1,500 na zaidi maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Pyrococcus, kwa upande wake, hustawi kwenye nyuzi 100, lakini chini ya nyuzi 70 hakui. Mwili wa mtoto kwake ni barafu. Hakuna akea hata mmoja aliyethibitishwa kuwa chanzo cha ugonjwa wa binadamu. Kati ya hao wawili yupo wa tatu: bakteria wa pepopunda, ambaye hustawi katika joto la mwili, lakini akibanwa hujifungia katika kigamba kigumu, na katika hali hiyo anaweza kuvumilia maji yachemkayo bila kukua wala kuzaa. Kwa ajili ya viumbe wa namna hiyo hospitali husafisha vyombo kwa mvuke wenye shinikizo, kwenye nyuzi 121, wala hazitosheki na sufuria ya kawaida.

Basi mwalimu achore ubaoni safu mbili. Juu ya moja aandike "Anavumilia joto gani?" na juu ya nyingine "Anastawi kwa joto gani?", kisha darasa liwapange viumbe: kipindupindu, pepopunda, Pyrococcus, kuku, mgomba, mtu. Mtoto aliyekwisha kupanga orodha hiyo hataacha kuchemsha maji. Atajua kwa nini anachemsha, tena atajua anamwua nani. Mtoto aliyekaririshwa kwamba maji ya moto huua kila kitu hana kinga yoyote siku atakapopata habari, redioni au kwingineko, kwamba si kweli.

Sasa niseme habari ya zana, kwa kuwa jarida hili ni la ufundishaji, na maneno matupu hatuyahitaji. Swali la kwanza la darasa litakuwa: ikiwa sisi tunaungua, wao kwa nini hawaungui? Nashauri lijibiwe kwa kiazi. Chukua kiazi mviringo kimoja, ukate vipande viwili vya ukubwa sawa. Kimoja kichemshe robo saa, kisha kiache kipoe kabisa, maana kikiwa bado cha moto watoto hawatajua kama kinachoonekana kinatokana na joto la sasa au na mabadiliko yaliyokwisha kutokea. Kingine kibaki kibichi. Katika maduka ya dawa hupatikana haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Mwalimu mwenyewe, si mtoto, adondoshe matone machache juu ya kila kipande. Kiazi kibichi kitatoa povu jeupe mara moja. Kilichochemshwa kitabaki kimya.

Povu hilo ni oksijeni. Ndani ya kiazi kibichi mna kimeng'enya kiivunjacho dawa hiyo kuwa maji na oksijeni, na kuchemsha kumekiharibu. Watoto watasema kimekufa. Mwalimu asikubali upesi. Awaulize: kimeng'enya ni kiumbe? Hapa ndipo ute wa yai unapofaa. Ute mbichi ni maji maji yapitayo mwanga. Ukichemshwa hugeuka mweupe na mgumu, na hata ukiachwa upoe wiki nzima haurudi kama ulivyokuwa. Kimeng'enya, kama ute wa yai, ni protini, na protini ni uzi mrefu uliokunjwa kwa namna maalumu. Joto huufumua mkunjo huo. Kikifumuka, kazi yake inakwisha, kama ufunguo uliopindwa usivyofungua kufuli.

Protini za akea wa motoni nazo ni nyuzi zilizokunjwa, na zimeundwa kwa viungo vile vile viundavyo protini zetu. Tofauti ni kwamba mkunjo wao umebanwa zaidi: vifungo kati ya sehemu zenye chaji chanya na zenye chaji hasi ni vingi, na nafasi tupu za ndani ni chache. Hakuna kifungo kimoja cha ajabu. Ni vingi vidogo vinavyoshikana. Mimi napenda sana jambo hili lielezwe hivyo hivyo, kwa sababu watoto wetu huzoeshwa kuamini kwamba kila la ajabu lina dawa moja ya siri.

Utando wa seli waweza kuonyeshwa kwa mikeka. Utando wa seli zetu ni tabaka mbili za mafuta zilizolala moja juu ya nyingine, kama mikeka miwili. Joto likizidi, tabaka hizo huteleza na kuachana. Katika akea wengi wa motoni, nyuzi za mafuta hupita moja kwa moja kutoka uso wa juu hadi uso wa chini, kana kwamba mikeka hiyo miwili imeshonwa kuwa mmoja. Tena kiungo cha kikemia kinachoshika mafuta hayo ni cha aina nyingine, kigumu zaidi kuvunjwa na maji ya moto.

Ama DNA, yaani uzi wa urithi, ionyeshwe kwa kamba ya mgomba. Kamba ya nyuzi mbili iliyosokotwa kwa ulegevu hufumuka ukiivuta kidogo. Ukiisokota zaidi kwa upande ule ule, nyuzi zake hukataa kuachana. Mwaka 1984 Kikuchi na Asai wa Japani walipata katika Sulfolobus kimeng'enya ambacho kazi yake ni kusokota DNA zaidi ya kawaida, na tangu hapo kimeonekana kwa wale wote wastawio kwenye joto la juu kabisa. Mtoto wa Rungwe anayejua kusokota kamba ya kufungia kuni anaelewa jambo hili kwa vidole kabla hajaelezwa. Kitabu chenye picha ya rangi hakimfikishi hapo.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo lingetosha lenyewe kulipa somo hili nafasi katika azimio la kazi. Mjini Tukuyu kipo kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, taasisi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, na kwa miaka mingi kituo hicho kimehusika na ugonjwa wa usubi. Ugonjwa huu huletwa na minyoo wasambazwao na inzi wadogo weusi wazaliao katika mito iendayo kasi, na mito ya namna hiyo wilaya hii haina haja ya kuazima. Huwasha ngozi kwa miaka na mwisho waweza kupofusha. Wananchi wamekuwa wakigawiwa dawa ya ivermectini vijijini. Lakini utajuaje kwamba maambukizo yamekoma, na kwamba ugawaji wa dawa waweza kusimamishwa? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka inzi wakusanywe kwa maelfu, na wapimwe kama miongoni mwao yumo mwenye DNA ya mnyoo huyo. Kipimo hicho huitwa PCR. Ni kipimo kile kile ambacho dunia nzima ilikisikia mwaka 2020 wakati wa UVIKO-19.

PCR ilibuniwa na Kary Mullis wa Marekani mwaka 1983, naye akapewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993. Ni kunakili DNA kwa kuipasha moto na kuipoza. Kwenye nyuzi 95 hivi (yaani joto la maji yachemkayo katika sufuria ya Tukuyu) nyuzi mbili za DNA huachana. Ikipozwa, vipande vidogo vya kuanzia hujishika mahali pake. Ikipashwa tena hadi nyuzi 72 hivi, kimeng'enya hujenga uzi mpya juu ya kila uzi wa zamani. Mmoja unakuwa wawili, kisha mzunguko unaanza upya. Mwanzoni kimeng'enya kilichotumika kilitokana na bakteria wa kawaida, na kila mzunguko joto lilikipika kama kiazi chetu, ikabidi kuongezwa kipya kila mara. Mwaka 1988 kilitangazwa kimeng'enya cha Thermus aquaticus, yule wa Yellowstone, ambacho hakidhuriki upesi, na kazi ikawezekana kuachiwa mashine. Huyo ni bakteria. Baadaye, mwaka 1991, kikaja kimeng'enya cha Pyrococcus, ambacho kina ustadi zaidi: hukipitia upya kile kilichoandika na kusahihisha makosa yake. Cha Thermus hakina tabia hiyo. Sijui mwalimu gani asiyeweza kuitumia tofauti hiyo katika kuhimiza usahihishaji wa madaftari.

Somo la hesabu lipo hapo hapo. Watoto waanze na punje moja ya mahindi na kuzidisha kwa mbili kila mzunguko. Mizunguko 10 inahitaji punje 1,024, na madawati yatajaa kabla ya hapo. Zilizobaki wafanye kwa kalamu: mizunguko 20 ni 1,048,576, na mizunguko 30 ni 1,073,741,824. Ndiyo sababu DNA ya mnyoo mmoja katika fungu zima la inzi huonekana.

Liko pia suala la nani hufaidika. Haki za PCR ziliuzwa mwaka 1991 kwa dola milioni 300 za Marekani, na hifadhi ya Yellowstone, alikotoka Thermus, haikupata kitu katika mauzo hayo. Kwetu Afrika Mashariki jambo kama hilo limetokea Kenya. Vijidudu kutoka maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, likiwamo ziwa Bogoria na chemchemi zake za moto, walipelekwa ng'ambo, na vimeng'enya vyao vikaingia katika biashara, miongoni mwa kazi zake ikiwa kusafisha na kulainisha nguo. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza kudai sehemu ya faida, na mwaka 2007 likatia saini mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark kuhusu matumizi ya vijidudu vya nchi hiyo. Wale nao walikuwa bakteria, si akea. Lakini sheria haitofautishi. Mkataba wa Rio wa mwaka 1992 uliipa kila nchi mamlaka juu ya urithi wa viumbe wake, hata wasioonekana kwa macho. Sidai kwamba Darasa la Sita lifundishwe sheria. Nadai kwamba mtu aliyefundishwa kuwa maji ya Kilambo ni maji matupu hatauliza lolote akimwona mgeni akijaza chupa.

Ziara ya chemchemi ndiyo iliyobaki, na katika hiyo nataka ukali. Mwalimu atangulie peke yake siku moja kabla, akague njia na kingo. Maji ya nyuzi 60 humbabua mtoto kwa muda mfupi sana, na ukingo laini huporomoka. Aidha, milima yetu hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo huvunwa wilayani humu kwa matumizi ya viwandani, hata ya kutia povu katika soda. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, haina rangi, na hutuama mashimoni. Ndugu zetu wa upande wa Goma huyaita mahali pa namna hiyo mazuku, na wanyama hufia humo. Ukiona ndege au panya waliokufa katika bonde dogo lisilo na upepo, usishuke, na watoto wasikaribie.

Kwenye chemchemi yenyewe watoto watazame rangi. Utando wa kijani au wa rangi ya chungwa uonekanao kingoni mwa chemchemi za moto kwa kawaida ni wa bakteria, na wale wapatao chakula kwa mwanga wa jua hawapiti nyuzi 73 popote duniani. Mbele ya hapo, kuelekea kwenye jicho la maji ya moto zaidi, rangi hiyo hukoma ingawa uhai haukomi. Mwalimu asitaje jina la kiumbe fulani kwamba ndiye aliyemo humo, maana jina hupatikana maabarani, si kwa kutazama. Kazi ya darasa ni kupima. Kipimajoto kifungwe kwenye fimbo ndefu, mwalimu akishike, watoto wasome na kuandika: joto kwenye jicho, joto hatua tano mbali, joto hatua kumi, na rangi ionekanayo kila mahali.

Daftari hilo lisigawanywe vipande vipande na kupelekwa majumbani. Likae shuleni, na kila mwaka, mwezi ule ule na mahali pale pale, darasa jingine liongeze ukurasa. Visima vya jotoardhi vikizidi kuchimbwa, maji ya chini huenda yakabadilika, na hapo patatakiwa mtu wa kusema chemchemi ilikuwa na nyuzi ngapi kabla.